Uliza Fundi: Mshale wa RPM umegoma kushuka, gia boksi imekufa?

SWALI: Shikamoo dada fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mafinga. Nina Toyota Corolla Fielder ya 2003, injini 1NZ, otomatiki ya gia nne. Zamani nikiwa kilomita 100 kwa saa kwenye tambarare, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ulikuwa unakaa 2,700 hivi. Tangu mwezi wa tano unakaa 3,000 na ushee, na mafuta yanakwisha haraka. Lita moja iliyokuwa inanifikisha kilomita 14 sasa hata 12 hainifikishi. Gia zinaingia vizuri na hakuna taa yoyote iliyowaka kwenye dashibodi. Gari halijaguswa tangu Aprili lilipochemsha njiani, fundi akashughulikia rejeta, na halijachemsha tena. Sasa nimeambiwa lokapu ya konveta imekufa, ninunue gia boksi nzima ya mtumba kwa milioni moja na nusu. Kuna kitu kimoja kinanishangaza. Mwezi wa sita nilikwenda Morogoro, nilipomaliza kushuka Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni mshale ukarudi palepale pa zamani. Wakati wa kurudi, nilipofika Iringa, ukapanda tena. Nifanye nini? Nikope? – Mwalimu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwalimu. Usikope. Na usiruhusu mtu yeyote ashushe gia boksi hiyo mpaka umalize kusoma majibu haya, kwa sababu umeniandikia ugonjwa pamoja na tiba yake ndani ya barua moja.

Aliyekuambia kwamba lokapu haishiki yuko sahihi. Alipokosea ni kuruka kutoka "haishiki" hadi "imekufa". Baina ya maneno hayo mawili kuna kazi ya kupima, na kazi hiyo ndiyo inayorukwa, mwenye gari akaingia gharama ya bure.

Tuangalie kwanza kilichomo ndani. Otomatiki haina klachi ya kukanyaga. Ina konveta, lile dude la duara lililofungwa kwenye fulaiwili na kujaa oili. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili una mapanga ya tabini yanayozungusha gia boksi, na katikati kuna stata, mapanga ya kuelekeza oili, si ile stata ya kuwashia gari. Injini inarusha oili, oili inasukuma tabini. Gari linapoondoka, mpango huu hauna mfano, maana unaongeza nguvu ya kuvuta hadi kukaribia mara mbili. Gari likishashika mwendo, mpango huohuo unakuwa hasara. Tabini inabaki nyuma ya injini kidogo siku zote, na tofauti hiyo inageuka kuwa joto ndani ya oili. Ndiyo maana ikawekwa lokapu, sahani ya klachi iliyomo ndani ya konveta yenyewe. Oili ikiisukuma, inabana kwenye ganda la konveta, na injini na gia boksi vinazunguka pamoja bila kupishana. Packard wa Marekani walikuwa nayo mwaka 1949 kwenye gia boksi yao ya Ultramatic, lakini iliyoifanya ienee ni bei ya mafuta ya miaka ya 70. Chrysler waliiweka kwenye magari yao ya modeli ya 1978, na kampuni nyingine zikafuata.

Sasa rudi kwenye mshale wako. Kutoka 2,700 hadi 3,000 ni mizunguko 300, na kwa gari dogo kwenye tambarare lokapu isiyoshika huonyesha tofauti ya 200 hadi 400. Ungeniandikia kwamba mshale unakaa 3,800 ningekujibu vingine kabisa, maana hapo ingekuwa gia ya nne, yaani ovadraivu, haiingii. Naomba wasomaji wote mlishike hili kabla ya kumpigia fundi simu. Ongezeko dogo ni lokapu, ongezeko la elfu moja na zaidi ni gia.

Lokapu haijiamulii. Inasubiri amri ya kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari, na kontrol boksi ina masharti yake: gari liwe kwenye mwendo wa kutosha, mguu uwe umekanyaga mafuta kiasi, breki isiwe imeguswa, na injini iwe imepata moto. Hilo la mwisho, mwalimu, ndilo lako. Injini ikiwa baridi, kontrol boksi inakataa lokapu makusudi ili injini ipashe moto haraka na gari lisikwamekwame. Na gari linalopona likishuka Kitonga na kuugua tena likipanda Iringa, klachi yake haina tatizo. Klachi iliyokwisha haijui kwamba Ruaha Mbuyuni kuna joto na Mafinga mwezi wa sita kuna baridi ya koti. Anayejua ni sensa ya joto la injini.

Kwa hiyo swali langu ni hili: Aprili, lilipochemsha, fundi alifanya nini hasa kwenye "kushughulikia rejeta"? Nina uhakika mkubwa alitoa thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, akaitupa. Karakana yangu ipo Ipogolo, na kila msimu wa baridi napokea magari ya namna hii kutoka Mafinga, Makambako na Njombe. Mafundi wengi wamefundishana kwamba thamostati ni kifaa cha nchi za theluji, huku kwetu hakina kazi. Si kweli, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona injini nzuri zikilika kwa ushauri huo. Thamostati ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ikiwa haipo, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha, na kwenye barabara kuu yenye upepo wa Mafinga injini haifiki kabisa joto lake la kazi. Kontrol boksi inaona injini baridi, inamwaga petroli zaidi, na inainyima gia boksi lokapu. Mafuta yako yanakwenda kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Hakikisha hivi. Asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha, washa gari ukiwa umefungua boneti. Kwenye 1NZ thamostati inakaa pale hosi ya chini ya rejeta inapoingia kwenye injini. Shika hosi hiyo, ukijihadhari na feni. Thamostati ikiwepo na ikiwa nzima, hosi itabaki baridi kwa dakika kadhaa huku mshale wa joto ukipanda, halafu itapata moto kwa ghafla. Ukiona hosi inapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, na mshale wa joto unajikokota, hakuna thamostati au imekwama wazi. Ukitaka kumaliza ubishi, injini ikipoa mwambie fundi afungue kikombe chake, mtazame wote wawili. Nafasi tupu inaonekana kwa macho.

Ikiwa haipo, nunua yenye nyuzi zilezile za kiwandani, pamoja na mpira wake mpya. Bei yake haifiki hata sehemu ya kumi ya gia boksi uliyotajiwa. Lakini kabla ya kuirudisha, ijulikane kwanza gari lilichemka kwa sababu gani. Kutoa thamostati kulificha ugonjwa wa kwanza, hakukuutibu. Pimeni feni, mfuniko wa rejeta, pampu ya maji, mirija ya rejeta kama imeziba, na kama silinda hedi haipitishi gesi kwenye maji. Ukirudisha thamostati huku rejeta imeziba, litachemka tena na lawama zote nitaletewa mimi.

Likishapata joto lake la kawaida, fanya jaribio hili, na kila mwenye otomatiki anaweza kulifanya. Tafuta tambarare iliyonyooka, pasiwe na gari nyuma yako. Mchukue mtu akae pembeni asome mshale wa RPM ili wewe uangalie barabara. Shika kilomita 80 kwa saa, mguu wa mafuta utulie kabisa, ngoja kidogo. Sasa, bila kuachia mafuta, gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto, mguso mwepesi wa kuwasha taa za nyuma tu, gari lisipunguze mwendo. Lokapu iliyokuwa imeshika itaachia mara moja na mshale utaruka juu kwa mizunguko mia mbili, mia tatu. Ukiachia breki, baada ya muda mfupi utashuka tena. Ukiuona mshale unapanda na kushuka hivyo, klachi ya lokapu inafanya kazi na gia boksi yako ni nzima. Usipotikisika hata kidogo, lokapu haikuwa imeshika tangu mwanzo.

Wasomaji wengine ambao injini zao zina joto la kawaida na mshale hautikisiki, endeleeni hivi. Anzeni na swichi ya breki, kale kadude kalikofungwa juu ya pedali. Ikiwa imechakaa au imefungwa vibaya, kontrol boksi inaamini mmekanyaga breki safari nzima, na lokapu haitatolewa amri hata siku moja. Usiku, rudisheni gari karibu na ukuta, msikanyage kitu, mwangalie kwenye kioo. Ukuta ukiwa na wekundu wa taa za breki, mmepata jibu bila kutumia shilingi.

Baada ya hapo ndipo ipelekwe kwenye mashine ya kupimia. Na hapa nina neno kwa mafundi wenzangu: msisome kodi (namba ya hitilafu) mkafunga mashine. P0741 haisemi konveta imekufa. Inasema kontrol boksi imeagiza lokapu na haikuona matokeo. P0743 ni ya umeme, waya au solenoidi, yaani valvu ya umeme inayopitisha oili ya lokapu. Endesheni gari mashine ikiwa imechomekwa, mwangalie joto la injini, amri ya lokapu na mizunguko ya injini. Kama mashine inaonyesha pia mizunguko ya tabini, hapo hakuna tena kubahatisha. Lokapu ikishika barabara, namba hizo mbili zinakaribiana mpaka zinalingana. Ikiwa amri haitolewi, tatizo liko nje ya gia boksi, mtafute kwenye masharti niliyoyataja. Ikiwa amri inatolewa na tofauti inabaki mizunguko 300, sasa ndiyo mna haki ya kuigeukia gia boksi.

Hata hapo si kuishusha. Chomoeni soketi ya gia boksi mpime solenoidi ya lokapu kwa multimita. Nyingi za aina ya kuwaka na kuzima zinasoma kati ya omu 11 na 15 zikiwa baridi. Zile zinazodhibiti presha kidogo kidogo husoma karibu omu 5. Ipeni umeme wa betri ile ya kuwaka na kuzima, msikilize kama inagonga "tak". Ile ya omu 5 msiichomeke moja kwa moja kwenye betri, mtaiunguza. Solenoidi ikiwa nzima, fungueni sampu, lile karai la oili chini ya gia boksi. Sumaku zilizomo ndani zikiwa na ute wa kijivu kama majivu laini, huo ni uchakavu wa kawaida wa miaka. Mkikuta makombo meusi ya klachi au vipande vya chuma vinavyokwaruza mkononi, konveta inatoka, na kula ya gia boksi, yaani kipoza oili, yenye mapande hayo ioshwe pia, maana uchafu uliobaki humo utaiua konveta mpya. Mafundi, mnapoirudisha konveta hakikisheni imezama yote kwenye pampu kabla ya kukaza bolti za fulaiwili. Ikikaa nusu mkaivuta kwa bolti, pampu inavunjika siku hiyohiyo.

Mwalimu, hayo ya mwisho hayakuhusu. Nenda kashike hosi.

SWALI: Dada, nina IST nafanyia biashara ya kubeba abiria Dar es Salaam. Nikiwa kati ya 60 na 70, nikikanyaga mafuta kidogo tu, gari linatetemeka kama linapita kwenye rasta, halafu linaacha. Nikikanyaga sana linaacha, mwendo mdogo halina shida. Nimebadilisha plagi zote na koili moja, hakuna kilichobadilika. Ilianza wiki mbili baada ya kumwaga oili ya gia boksi. – Dereva, Mbagala

JIBU: Pole ndugu yangu, na tafadhali usinunue koili nyingine bado. Mtetemo huo unatokea pale lokapu inapojaribu kushika na kuteleza, kushika na kuteleza. Unachanganywa sana na injini inayokosa moto kwenye silinda moja. Njia ya kuvitenganisha ni ileile ya kugusa breki niliyomweleza mwalimu. Gari likiwa linatetemeka, gusa pedali kidogo tu bila kuachia mafuta. Mtetemo ukikatika papo hapo, ni lokapu. Ukiendelea vilevile, rudi kwenye koili na nozeli. Dalili nyingine ni kwamba silinda inayokosa moto huzidi ukikanyaga sana mlimani, wakati yako inaacha.

Kilichonishtua ni hizo wiki mbili. Uliwekewa oili gani? Chomoa stiki ya gia boksi uifute, usome maandishi yake. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo aina ya oili imegongwa palepale kwenye chuma, mara nyingi T-IV, na za baadaye hutumia WS. Oili ya otomatiki si oili tu. Ina viungo vinavyoamua klachi ishike kwa ulaini gani, na lokapu ndiyo inayolalamika kabla ya klachi nyingine zote. Ile inayouzwa kwa kupimiwa kutoka kwenye pipa, yenye rangi nyekundu na maneno ya "inafaa magari yote", sijawahi kuiruhusu iingie kwenye karakana yangu.

Ukigundua si yenyewe, kumwaga mara moja hakutoshi. Ukifungua bolti ya chini inatoka chini ya nusu, nyingine inabaki ndani ya konveta. Mwaga, jaza sahihi, tembea siku kadhaa, mwaga tena, na ikibidi mara ya tatu. Kiwango kipimwe oili ikiwa ya moto, gari likiwa pasawa, injini inaunguruma kwa saileni (bila kukanyaga mafuta), na leva ikiwa imepitishwa kwenye nafasi zote kisha kurudishwa P. Mara nyingi mtetemo hupotea baada ya hapo. Ukiachwa miezi mingi, sahani inachomeka na kung'aa kama kioo, na oili nzuri haitairudisha. Vile vichupa vya "dawa ya gia boksi" vinaweza kutuliza mtetemo kwa muda, lakini sahani iliyoungua inabaki imeungua.

SWALI: Fundi, Mark II yangu ya miaka ya 90 inazima kila nikisimama. Asubuhi haina neno. Ikishatembea barabara kuu na kupata moto, nikifika kwenye mataa inakokotana, inagonga, kisha inazima. Nikiwasha na kuweka D inazima tena. Taa ya O/D OFF inapepesa. Nimeshasafisha throto. – Msomaji, Arusha

JIBU: Yako ni kinyume cha ya mwalimu: lokapu imeshika na haiachii. Ni sawa na kusimama na gari la manyuo bila kukanyaga klachi. Huko kukokotana kabla ya kuzima ndiko kunakoitofautisha na saileni mbovu, ambayo huzima kimya. Hata hivyo hakikisha. Unapokaribia kusimama peleka leva kwenye N. Ikizima hata kwenye N, rudi kwenye saileni. Isipozima kwenye N, lakini ikakokotana na kuzima kila ukibaki D, tuendelee.

Taa ya O/D OFF haipepesi bure, inakusomea kodi. Kwenye Toyota za enzi hizo unaunganisha TE1 na E1 ndani ya kile kisanduku cha majaribio kwenye boneti, au pini 4 na 13 kama ina soketi ya pini 16 chini ya usukani, unafungua swichi bila kuwasha injini, kisha unahesabu. Ikipepesa mara sita, ikapumzika, halafu mara nne, hiyo ni 64, solenoidi ya lokapu au waya wake. Ukikosea pini unaweza kuunguza kontrol boksi, kwa hiyo kama huna uhakika mwachie fundi umeme.

Halafu lipeleke gari barabarani mpaka ugonjwa utokee, usimame pembeni, na kabla halijapoa chomoa soketi ya solenoidi za gia boksi. Washa, weka D. Injini ikitulia bila kuzima, solenoidi ilikuwa inapewa umeme isiostahili, fuata waya hadi kontrol boksi, tafuta palipochubuka. Ikizima hata soketi ikiwa nje, solenoidi imekwama wazi au valvu yake imeng'ang'ania ndani ya valvu bodi. Kazi hiyo inafanyika kwa kushusha sampu tu, gia boksi ikiwa imefungwa palepale kwenye gari. Soketi ikiwa nje gia hazitabadilika kama kawaida, kwa hiyo usisafiri nayo hivyo. Endesha polepole hadi karakana.